Rejeta moja ya ukutani haipati moto, nyingine zote ziko sawa. Mdogo wangu yuko Sheffield, naomba ushauri

fundi_wa_ngamiani, saa 3:20 usiku

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni fundi bomba hapa Tanga mjini, huu mwaka wa 14 nafunga simtanki, mabomba na masinki. Leo nimekwama kwa jambo la nchi ya watu.

Mdogo wangu wa kike ni muuguzi Sheffield, Uingereza. Nyumba aliyopanga ina rejeta 6 za kupasha vyumba joto, zile bapa za chuma zinazofungwa ukutani chini ya dirisha. Boila iko jikoni, inachemsha maji kwa gesi, pampu inayasukuma yapite kwenye rejeta zote kisha yarudi kuchemshwa tena. Mpaka hapo nimeelewa. Tano zinapata moto vizuri. Ya sita, ya chumba cha juu anacholala mwanawe wa miezi 8, iko baridi kama chuma cha geti alfajiri. Sisi huku kaskazi inavuma, tunalala madirisha wazi. Yeye akiamka anakuta kioo cha dirisha kimelowa kwa ndani, na mtoto pua zimeziba.

Mwenye nyumba ameandikiwa tangu Jumatatu, anasema fundi atakuja wiki ijayo. Mimi nahisi bomba limeshika upepo, kama huku kwetu simtanki likikauka halafu maji yakarudi. Lakini naogopa kumwambia afungue kitu chenye maji ya moto na presha wakati mimi nakiona kwa simu tu. Aanzie wapi?

Mtanga_Ughaibuni, saa 3:41 usiku

Pole mkuu. Nimeishi Glasgow miaka 9, hili kila mpangaji linamkuta. Upepo ndio wa kwanza kushukiwa, hasa rejeta za juu, maana hewa hupanda na kukaa kileleni.

Azime moto kwanza, asubiri rejeta zote zipoe. Kwenye kona ya juu ya rejeta kuna kinati kidogo cha pembe nne kwa ndani, ufunguo wake unauzwa bei ndogo maduka ya vifaa vya ujenzi. Aweke kitambaa na kikombe chini yake, azungushe robo mzunguko tu, kinyume na saa. Kikipiga "sss", huo ni upepo unatoka. Maji yakianza kutoka mfululizo afunge. Asikifungue kikatoka chote, atalowesha zulia lote!

Msambaa_wa_Soni, saa 3:50 usiku

Wakati anasubiri fundi, si aingize hata jiko chumbani? Kwetu Soni Juni na Julai baridi inauma, bibi alikuwa anatuwekea la mkaa tunalala vizuri. Au awashe oveni ya gesi aache mlango wazi.

BintiMakorora, saa 3:58 usiku

Kaka wa Soni, hapana. Nakuomba usimwambie mtu hivyo tena. Mimi niko wodini kila siku. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Oveni ya gesi nayo haikutengenezwa kupasha nyumba joto. Nyumba za kule madirisha yanafungwa kabisa kuzuia baridi, ndiyo hatari zaidi. Bibi yenu alinusurika kwa sababu nyumba ilikuwa na upenyo kila kona.

Mtoto alale chumba chenye joto pamoja na mama, kwenye kitanda chake mwenyewe. Hilo ndilo la usiku huu.

Msambaa_wa_Soni, saa 4:02 usiku

Nimekuelewa dada. Sikujua. Asante.

Mekanika Mstaafu, saa 4:15 usiku

Vijana, kabla ya spana kuna mkono. Nimekaa chumba cha injini melini miaka 27, maji ya moto yanayozunguka nayajua. Hujatueleza baridi iko WAPI.

Moto uwe umewashwa, apapase. Juu baridi na chini moto: upepo. Juu moto, chini katikati baridi: tope la kutu limetuama. Yote baridi: aguse mabomba mawili yanayoingia chini, moja kila upande. Kama yote mawili ni baridi, maji hayafiki kabisa, pengine rejeta nyingine zinayameza yote. Kama moja lina moto mpaka kwenye koki, halafu ng'ambo ya koki baridi, basi maji yamefika mlangoni na mlango umefungwa.

Mkono tu. Asishikilie, bomba linaweza kuunguza.

fundi_wa_ngamiani, kesho yake, saa 2:05 usiku

Shikamoo mzee wangu. Wakuu, nimerudi.

Jana alipotoa upepo haikupiga "sss" hata kidogo. Maji yalitoka palepale, meusi kidogo, kisha akafunga. Leo moto ukiwa umewashwa amepapasa kama mzee alivyoelekeza, mimi naangalia kwa video. Rejeta yote baridi, juu na chini. Bomba la kushoto linachoma mpaka kwenye koki ile yenye kichwa cheupe cha namba 0 mpaka 5. Baada ya koki, baridi. Koki iko 5. Bomba la kulia baridi.

Nilikuwa na uhakika ni upepo. Ningekuwa pale ningefungua kile kinati mara tatu.

Mekanika Mstaafu, saa 2:20 usiku

Marahaba. Basi umeshaipata. Ni koki.

Ndani ya kile kichwa kuna nta au kimiminika kinachotanuka chumba kikipata joto. Kikitanuka kinasukuma pini chini, pini inafunga njia ya maji. Chumba kikipoa kinasinyaa, springi inairudisha pini juu. Kama wakati wa joto mtu aliiacha kwenye 0, pini ilikaa chini miezi kadhaa ikagandia hapo. Sasa kichwa kinasema fungua, pini haisikii.

Lakini kwanza aangalie kama pazia zito au kabati limefunika kile kichwa. Kikifunikwa kinanasa joto lake chenyewe, kinadhani chumba chote kimepata moto.

Mtanga_Ughaibuni, saa 2:34 usiku

Mzee kamaliza. Yangu ilikuwa hivyohivyo. Azime moto, apoze. Kichwa kikiwa kwenye 5, afungue ile ringi iliyo chini yake kwa mkono, kichwa kitachomoka chenyewe. Maji hayatoki hapo. Ataona kijipini cha chuma. Akibonyeze kwa kipande cha ubao au mgongo wa kijiko, kinatakiwa kishuke milimita chache na kirudi chenyewe. Kama kimegandia chini, agonge ubavu wa koki polepole kwa mpini wa bisibisi, na tone la mafuta ya silikoni likipatikana. ASIKIVUTE kwa plaizi kwa nguvu. Kikichomoka, hapo ndipo maji yatatoka na hayatasimama.

Koki ya upande wa pili, yenye kofia ya plastiki, asiiguse. Ile fundi huipima ili maji yagawanyike sawa kwa rejeta zote. Na boila yenyewe ndiyo kabisa, kifuniko chake ni cha fundi aliyesajiliwa Gas Safe (orodha rasmi ya mafundi gesi wa kule) peke yake.

BintiMakorora, saa 2:40 usiku

Na kuhusu mwenye nyumba, asione aibu kudai. Dada yangu yuko Leeds, alinieleza: sheria ya England ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atunze vifaa vya kupasha nyumba joto na maji ya moto. Aandike tena kwa barua pepe, si kwa simu, ataje tarehe aliyotoa taarifa mara ya kwanza na aseme kuna mtoto wa miezi 8.

fundi_wa_ngamiani, saa 4:48 usiku

Wakuu, imekubali!

Kulikuwa na pazia lakini halikuwa limefunika koki. Akatoa kichwa, pini ilikuwa imezama chini kabisa, haibonyezeki. Kagonga, kimya. Nikamwambia aache, apumzike, maana sauti yake ilishakuwa ya kulia. Akarudia kwa utulivu, anagonga huku anaizunguka koki pande zote, mara nikasikia kwa simu "tik", pini ikaruka juu. Akaibonyeza kama mara 20 mpaka ikawa laini. Karudisha kichwa, kawasha. Bomba la kushoto, kisha rejeta juu, kisha chini, mwisho bomba la kulia. Alikuwa ananitajia moja moja kadiri joto linavyofika.

Barua pepe ameshatuma. Fundi aje hivyohivyo, maana yale maji meusi sikuyapenda.

Swali la mwisho: geji ya presha ya boila inasoma bar 0.8. Ni sawa?

Mtanga_Ughaibuni, saa 4:55 usiku

Hongera mkuu, na yeye hongera zaidi. Presha imeshuka kwa sababu alitoa maji jana. Mfumo ukiwa umepoa nyingi hutakiwa kuwa kati ya 1 na 1.5. Kitabu cha boila kinaonyesha koki za kujazia, afungue polepole huku anaangalia geji, ikifika anafunga. Ikishuka tena baada ya siku chache, kuna mahali panavuja.

Mekanika Mstaafu, saa 5:10 usiku

Maji meusi ni kutu ya chuma inayojila kwa ndani. Fundi akija amuulize kama mfumo una dawa ya kuzuia kutu. Na ikifika Mei wakizima moto, vichwa vyote aviache kwenye 5, asiviache kwenye 0.