Mrejesho: Namba ya Birmingham kwa biashara iliyoko Leicester
Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama inawezekana, nikiwa Leicester hapa Uingereza, kupata namba ya mezani ya Birmingham inayoanza na 0121, kwa kuwa wateja wangu wengi wa kusafirisha mizigo kwenda Mombasa na Dar es Salaam wako Birmingham, na wakiona 0116 ya Leicester hudhani nitawatoza nauli ya ziada kuwafuata. Imewezekana, tena bila kuvuta waya wowote: kampuni ya simu za intaneti ilinipa namba, nami hupokea kwenye simu ya mkononi kupitia programu. Kilichonisumbua ni kuwapigia wateja, kwani mama mmoja aliyetaka kutuma mapipa mawili hakupokea mara tatu, akanieleza baadaye kuwa aliona namba ngeni ya 07, yaani ya simu yangu ya mkononi. Tangu hapo napiga kutoka ndani ya programu, na 0121 ndiyo inayoonekana. Namshukuru kwa dhati aliyenisisitiza nihakikishe kwanza kuwa nikihama kampuni nitaondoka na namba yangu, maana nimeshaiandika ubavuni mwa gari, na pia aliyenikumbusha kuandikisha anwani yangu halisi ya Leicester kwa ajili ya simu za dharura za 999.