Mzigo wa Gulu unaingia Kampala kufanya nini?

Mleta mada (msimamizi wa ghala, Kampala): Wadau, tujadili bila matusi. Trela linatoka Mombasa, linavuka mpaka wa Kenya na Uganda pale Malaba, linanyoosha hadi Kampala kushusha godauni. Sabuni zinalala humo wiki mbili, tatu. Halafu mwenye duka wa Gulu anapanda basi la usiku, ananunua Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, anakodi lori la Fuso, mzigo unarudi kaskazini. Na pale Tororo, ukishavuka tu mpaka, kulikuwa na barabara ya Mbale, Soroti, Lira hadi Gulu!

Mimi nasema tuwe na viwanja vya kupokezana mizigo Tororo na Gulu. Lori linaingia mlango huu, mzigo unachambuliwa sakafuni, unatokea mlango wa pili kwenye magari madogo siku hiyohiyo. Wenyewe wanaita krosidoki, na Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, ilikua kwa mbinu hiyo miaka ya 1980. Mikopo ya benki hapa riba yake inakaribia asilimia 20 kwa mwaka. Bidhaa inalala, riba hailali. Tena 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa ukarabati, Septemba hadi Desemba, malori ya Kampala–Gulu yalizungushwa mbali. Mzigo wa Gulu ukipitia Lira hauligusi daraja hilo.

Muuza jumla, Kikuubo: Ssebo, yaani bwana, unaongea kama mtu asiyewahi kukopesha. Mteja wangu wa Gulu anakuja, anachovya mkono kwenye gunia, anatafuna punje mbili za mchele, anauliza bei maduka matatu, ndipo anarudi kwangu. Nusu analipa, nusu tunaandika daftarini. Kiwanja chako kitamwandika daftari gani? Walmart maduka ni yake, anajua jioni sabuni ngapi zimetoka. Mimi najua mteja akishafika.

Januari 2022 umeisahau? Madereva waligoma Malaba kwa ajili ya vipimo vya korona, foleni ikawa ya makilomita, petroli kuna vituo iliuzwa shilingi 10,000 kwa lita. Tulikula kilichokuwa ghalani.

Dereva wa masafa, Busia: Hapo mama amegonga penyewe. Tangu ushuru uanze kumalizwa Mombasa, 2014, tumepumua, lakini bado kuna mizani, mvua, tairi. Canter kumi, hayo magari madogo, zikiningoja Tororo nami nimekwama njiani, wapagazi analipa nani?

Ila kontena ni la mwenye meli, ukichelewesha anakutoza. Nikishushia Tororo nikageuza, naokoa kilomita zaidi ya 400 za kwenda na kurudi Kampala. Hilo naliunga mkono hata kesho.

Sharti moja: pawe na paa na jukwaa lenye kimo cha trela. Nimeona kiwanja kimoja wanaandika katoni kwa kalamu ya wino, Lira, Apac, Kitgum. Mvua ikashuka kabla ya turubai. Biskuti za Apac zikaenda kuliwa Kitgum.

Mwenye duka, Gulu: Mnatusemea sana. Basi la usiku linachosha na hela ya safari inatoka kwenye faida yangu. Lakini kuna jambo hamtaki kulitaja. Kiwanja cha namna hiyo kinataka kila katoni ijulikane ni ya nani kabla lori halijafika, kwa maandishi. Aprili 2024 Kampala walifunga maduka kwa sababu ya EFRIS, zile risiti za kielektroniki za mamlaka ya mapato. Watu hao ndio watawapa orodha ya wateja wao?

Mleta mada: Wengine hawatatoa, sawa. Ndiyo maana siwezi kuanza na mchele, mchele mwacheni mama auonjeshe. Nianze na visivyoonjwa: sabuni, mabati, betri. Dawa za serikali kutoka National Medical Stores zinapakiwa kwa ratiba, kila boksi na kituo chake cha afya, kwa hiyo kujua mwenye mzigo mapema kunawezekana hapahapa Uganda. Na akiba ya mafuta au chumvi ibaki ghalani, sijasema tuchome magodauni.

Wa Gulu, sabuni ungeagiza kwa simu na kulipa nusu kabla?

Mwenye duka, Gulu: Sabuni ndiyo, nusu kwa simu, nusu ikifika. Ila katoni ikilowa Tororo ni ya kwenu, na hilo mniandikie.

Muuza jumla, Kikuubo: Na hiyo nusu ya pili atakapoomba umngojee mpaka mwisho wa mwezi, ssebo, uje utuambie hapa.