Tupeane uzoefu: kuskani na kugundua mifumo ya nyota kwenye Elite Dangerous

kilimia_7

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu ni wa wanaocheza Elite Dangerous, mchezo wa kurusha vyombo vya anga, kwa ajili ya upelelezi wa anga. Galaksi ya mchezo imejengwa kwa ukubwa halisi wa galaksi yetu, mifumo ya nyota takribani bilioni 400, na sehemu kubwa mno haijaguswa na mchezaji yeyote. Jina lako kukaa kwenye sayari kama mgunduzi wa kwanza si jambo la bahati, ni jambo la utaratibu. Naona wengi wanaruka hadi mfumo mpya, wanapiga honi (mlio wa skana ya ugunduzi), wanaondoka, na sayari ya maana wameiacha nyuma. Kila mwenye ujuzi aweke anachokijua, kwa hatua, ili anayeanza leo asome na kwenda kufanya.

Naanza na honi yenyewe. Weka chombo kwenye modi ya uchambuzi, maana kwenye modi ya mapigano skana haifanyi kazi kabisa. Hili ndilo swali namba moja la wageni. Skana ya ugunduzi ipangie kitufe cha kufyatulia, kisha shikilia bila kuachia mpaka mita ijae na mlio utoke. Ukiachia kabla, hakuna kilichofanyika. Ifanye huku unachota mafuta kwenye nyota, kazi mbili zinakwenda kwa wakati mmoja.

Miongozo inayokuambia ununue skana ya ugunduzi ya masafa mafupi au marefu imepitwa na wakati. Tangu toleo la 3.3, Desemba 2018, imo ndani ya kila chombo.

mzamia_nyota

Asante mkuu kwa kuanzisha. Niendelee na FSS, skana ya kutafuta sayari moja moja kwa masafa ya mawimbi, maana honi inakupa tu idadi ya vitu vilivyomo. Sayari zenyewe bado hujazigundua.

Kaa supakruzi (mwendo wa kasi wa kusafiri ndani ya mfumo), shusha kasi hadi sifuri, ndipo ufungue FSS. Chini ya skrini kuna mstari wa masafa wenye vilima vidogo. Kila kilima ni kundi la vitu vya aina moja. Sogeza kitafutio hadi juu ya kilima, kisha zungusha kamera kufuata bapa la mizunguko, kwa sababu sayari nyingi ziko kwenye bapa hilo na mawimbi ya buluu utayaona yamejipanga humo. Hamna haja ya kusaka anga nzima.

Wimbi likiwa na mishale pembeni, masafa bado hayajakaa: sogeza kitafutio kidogo kidogo upande unaoonyeshwa. Likikaa sawa, lilenge katikati kabisa ndipo uvute karibu. Sayari itajifungua yenyewe na jina lake, aina yake na mwezi wowote ulio karibu utaonekana.

FSS haina kikomo cha umbali. Nyota ya pili ikiwa sekunde-nuru 300,000 kutoka ulipo, sayari zake unazipata papo hapo bila kusogea hata hatua.

fundi_wa_dira

Mkuu mzamia, kuna jambo linawakwamisha watu kwenye majitu ya gesi yenye miezi mingi. Unavuta karibu, skrini inakuonyesha rundo la mawimbi lakini hakuna kinachofunguka, unarudi nyuma, unavuta tena. Sababu ni kwamba umelenga mwezi huku masafa yakiwa ya jitu, au kinyume chake. Usirudi nyuma. Ukiwa humo humo ndani rekebisha masafa mpaka wimbi la katikati litulie, kisha hamia la jirani yake. Rundo la miezi minane linaisha bila kutoka nje hata mara moja.

kilimia_7

Hapo umesaidia wengi. Sasa nani atueleze kuchagua? Mfumo una vitu 60, mtu atafungua vyote?

mzamia_nyota

Hapana, na hapa ndipo muda mwingi unapotea. Soma mstari wa masafa kabla hujagusa chochote. Sayari za mawe na za metali hukaa upande wa kushoto, majitu ya gesi mwisho wa kulia. Mfumo wenye mlima mmoja mkubwa wa miili ya barafu pekee hulipa mamia ya krediti kwa kila kimoja, upite tu. Unachotafuta ni aina tatu: sayari zinazofanana na Dunia, sayari za maji na sayari za amonia. Ongeza sayari za metali nyingi zilizoandikwa kwamba zinaweza kugeuzwa zikaliwe na watu. Hizo ni za kawaida kuliko hizo tatu na bado hulipa vizuri, ndizo mkate wa mpelelezi.

Ukikariri kilima cha kila aina kilipo, utajua kilichomo ndani ya sekunde chache baada ya honi.

tanga_mbili

Kuna usomaji wa mapema zaidi ya huo, hata kabla ya kuruka: jina la mfumo. Chukua Stuemeae FG-Y d7561. Neno la kwanza ni sekta, mchemraba wenye upande wa miaka-nuru 1,280. Herufi ndogo kabla ya namba, hapa d, ni daraja la uzito. Zinaanzia a hadi h: a ni nyota ndogo, yaani vibete vyekundu na vibete kahawia, h ni mifumo mizito kabisa ambako mashimo meusi hupatikana kwa wingi. Herufi hiyo pia inakuambia ukubwa wa kisanduku mfumo ulipo. Kisanduku cha a kina upande wa miaka-nuru 10, b 20, c 40, d 80, na kuendelea kujizidisha hivyo hadi h ambayo ni sekta nzima. Namba ya mwisho ni nafasi ya mfumo ndani ya kisanduku. 7561 inakuonyesha jinsi nyota zilivyosongamana karibu na katikati ya galaksi, umbali wa miaka-nuru 25,900 kutoka kwetu.

Kwa sayari zinazofanana na Dunia, nyota za madaraja ya F, G na K ndizo za kuziwekea kichujio kwenye ramani ya galaksi. Kichujio kiwekwe kwenye njia pia, siyo kwenye mwonekano pekee, vinginevyo njia itaendelea kupita popote.

Na msipite barabara kuu. Njia ya moja kwa moja kutoka Sol (mfumo wa Jua letu) kwenda Colonia (makazi ya mbali ndani ya mchezo) imeskaniwa mno. Panda au shuka miaka-nuru mia kadhaa kutoka bapa la galaksi, majina ya watu yanapungua haraka.

fundi_wa_dira

DSS sasa, skana ya uso wa sayari. Hii bado inanunuliwa na kufungwa kwenye chombo. Ndiyo inayochora ramani ya sayari kwa probi (vifaa vidogo vinavyorushwa kwenye sayari), na jina la mchoraji wa kwanza ni tofauti na la mgunduzi wa kwanza. Sayari iliyogunduliwa na mwingine inaweza bado kuwa haina mchoraji, angalieni kabla ya kuipita.

Probi haziishi. Kinachohesabiwa ni lengo la ufanisi linaloonyeshwa kwenye skrini: ukimaliza kwa idadi hiyo au pungufu unaongezewa asilimia 25. Mwezi mdogo huomba chache sana, jitu la gesi huomba kumi na kadhaa. Probi inavutwa na mvuto wa sayari, kwa hiyo ukiirusha nje kidogo ya ukingo inapinda na kuangukia upande wa nyuma. Kwa sayari yenye lengo la 6 au 7, rusha moja katikati na zilizobaki kuzunguka nje ya ukingo kwa nafasi sawa. Kosa la kawaida ni kumwaga nyingi upande wa mbele, duara zinapandana na nyuma kunabaki wazi. Usirushe kutoka karibu mno pia, pembe inakuwa finyu. Pete za sayari zina ramani yake peke yake.

Kufika kwenye sayari yenyewe: mita ya muda uliobaki ikifika sekunde 6 au 7, shusha kasi hadi asilimia 75. Ukichelewa utapitiliza.

tanga_mbili

Usalama wa data, wakuu. Data ambayo haijauzwa inapotea yote chombo kikilipuka. Na jina linakwenda kwa aliyeuza kwanza, hata kama ulifika kabla yake.

Mafuta huchotwa kwenye nyota za K, G, B, F, O, A na M pekee. Ukipita kwenye mkia wa gesi unaotoka kwenye nyota ya aina hii, nyota ya nyutroni huzidisha mruko mara nne, kibete cheupe mara moja na nusu, na kibete cheupe ndicho kinachoua zaidi kwa sababu mkia wake ni mwembamba na uko karibu na eneo la kukatazwa (ukaribu na nyota ambao chombo hakiruhusiwi kuupita). Ingia nchani mwa mkia, ukiwa umeelekea nje. Kila mara unapopita mkiani injini ya kurukia inachakaa kidogo, beba AFMU (kifaa cha kutengeneza sehemu za chombo) mbili kwa kuwa moja haiwezi kujitengeneza, na toka supakruzi kabla ya kuitengeneza injini hiyo.

kilimia_7

Aliyeniuliza pembeni kwa nini Universal Cartographics, huduma inayonunua data ya upelelezi, inamkatalia baadhi ya mifumo: uko karibu nayo mno. Sogea zaidi ya miaka-nuru 20 kutoka mfumo uliouskani, ndipo utaiona kwenye orodha ya kuuza. Kama kituo kiko mbali na kuna meli kubwa ya mchezaji jirani yenye huduma hiyo, uza huko. Wanakata robo ya malipo, ila jina linaingia siku hiyo hiyo.