Bulldog, Velo-Dog au Smith & Wesson ya inchi mbili: nichukue ipi?

MtuWaTororo
Wakubwa, habari za leo. Naomba ushauri wa haraka. Mimi ni mkusanyaji wa vitu vya kale, hasa saa na kamera, na sasa nataka kuingia kwenye bastola za silinda zenye mtutu mfupi. Nimewekewa tatu mezani na pesa yangu inatosha moja tu: British Bulldog, Velo-Dog, na Smith & Wesson ile ambayo nyundo yake haionekani, mtutu inchi mbili. Muuzaji anasema zote ni za karne ya 19 na zote "adimu sana". Anataka jibu kabla ya Ijumaa. Ingekuwa wewe, ungechukua ipi?

FundiChuma_Jinja
Muuzaji yuko wapi? Wewe uko wapi? Bastola yenyewe italala wapi? Bulldog ni ya Webley wa Uingereza au ya Liège, Ubelgiji? Kaliba gani, yaani unene wa risasi? Ina nambari? Huwezi kuuliza "ipi" kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Na picha ziko wapi?

AskariMstaafu
Kabla hujajibiwa hayo ya Fundi, jibu langu kwanza. Una cheti cha silaha? Sheria yetu ya silaha hapa Uganda, ya 1970, haichezi, na kuingiza silaha nchini kunataka kibali chake, mbali na cheti cha kumiliki. Usije ukadhani kwa kuwa chuma kina miaka mia na zaidi basi afande pale uwanja wa ndege wa Entebbe atakiona ni pambo la ukutani.

Lightning77
Zote tatu achana nazo. Tafuta Colt ya 1877, ile fupi isiyo na fimbo ya kutolea maganda. Ukiishika mkononi hutarudi kwa hizo nyingine.

FundiChuma_Jinja
Lightning77, kila uzi Colt, Colt, Colt. Hiyo 1877 ndani yake ni springi nyembamba na vipande vidogo vidogo vinavyovunjika ukivitazama vibaya. Wametengeneza hadi 1909, na nyingi zinazouzwa leo nyundo inainuka kwa kidole tu, ukivuta kifyatulio hakuna kinachotokea.

Lightning77
Mkusanyaji hafyatui. Anatazama.

FundiChuma_Jinja
Basi anunue kalenda.

MtuWaTororo
Samahani wakubwa, nilikuwa kazini. Muuzaji yuko Marekani, binamu yangu anakaa Ohio ndiye aliyeziona. Bajeti ni dola 900. Cheti sina bado. Nilifikiri vitu vya kale havihusiki. Bulldog imeandikwa "British Bull Dog" juu ya mtutu, kwa hiyo naona ni ya Uingereza. Picha binamu atatuma.

MwanaJinja_Leicester
Ndugu wa Tororo, maandishi hayo hayakuambii kitu. Webley wa Birmingham alianza kuitoa 1872, ikapendwa mno kwa sababu mtutu wake ni inchi mbili na nusu tu na inaingia mfukoni mwa koti huku imebeba risasi nene tano. Baada ya hapo Wabelgiji, Wahispania na hata Wamarekani wenyewe wakaiga, na waigaji wengi waliandika jina lile lile bila haya. Mwambie binamu aangalie silinda. Akiona herufi ELG ndani ya duara lenye umbo la yai na nyota chini yake, hiyo imepimwa Liège. Juu ya yai kukiwa na taji, ni ya kuanzia 1893. Webley halisi ina mihuri ya Kiingereza na mara nyingi ile alama yao ya risasi yenye mabawa. Mbelgiji si vibaya, lakini bei yake isiwe ya Webley.

SaaYaUkutani
Hiyo Bulldog si ndiyo iliyomuua rais wa Marekani? Lincoln?

MwanaJinja_Leicester
Garfield. Alipigwa na Guiteau kwenye kituo cha treni Washington, Julai 1881, akafariki Septemba. Ilikuwa Bulldog ya kaliba .442. Inasemekana Guiteau alichagua yenye mshiko wa pembe ya ndovu akifikiri itapendeza siku ikiwekwa makumbusho.

SaaYaUkutani
Na iko makumbusho?

MwanaJinja_Leicester
Imepotea. Smithsonian wana picha yake, chuma chenyewe hakijulikani kilipo.

Lightning77
Anayo binamu wa Ohio 😂

Nyangoma_Hoima
Kwetu kuna mzee ana bastola anayosema aliachiwa babu yake na Kapteni Lugard mwenyewe. Fupi hivyo hivyo.

FundiChuma_Jinja
Dada, kila wilaya ina bastola ya Lugard. Yule bwana alifika Mengo Desemba 1890, na kama angegawa bastola zote anazosemwa aligawa, angerudi Uingereza uchi. Watu wakimkumbuka kwa silaha wanakumbuka Maxim yake, ile bunduki ya rashasha, si bastola.

Nyangoma_Hoima
Sijasema ni kweli. Nimesema mzee anasema.

AskariMstaafu
Na huyo mzee ana cheti?

Nyangoma_Hoima
Mimi nimetoka kwenye uzi huu.

MwanaJinja_Leicester
Turudi kwenye mtutu, maana hapo ndipo watu wanalizwa. Wengi wanadhani uongo uko kwenye jina la kiwanda au kwenye umri. Kwa bastola fupi, kinachoghushiwa kwanza ni ufupi wenyewe. Mtutu mfupi wa kiwandani ni adimu, mrefu ni wa kawaida, na msumeno wa chuma haugharimu kitu.

Mimi yamenikuta. Kuna maonyesho ya silaha za kale huku Uingereza, nikamkuta muuzaji mmoja ana Webley ya aina ya RIC, ile ya polisi wa Ireland iliyoanza 1868. Kwa kawaida hizo mtutu ni mrefu zaidi, ila fupi nazo zilitengenezwa, na hiyo ilikuwa ya inchi mbili na nusu, rangi nzuri ya bluu, ndani ya sanduku lake la mbao lenye kitambaa cha kijani. Maneno yake yalikuwa matamu: ilitoka kwa mjane wa afisa aliyefanya kazi makoloni, kuna na barua ya familia. Nilimuuliza mara mbili mbele ya watu kama mtutu ni wa kiwandani. Akasema ndiyo, kwa mkono kifuani.

Nyumbani nikaitoa chini ya taa na lenzi ya fundi saa. Lengeo la mbele lilikuwa limeshikwa na lehemu, unaona kabisa mstari wa fedha umevuja upande wa kushoto kisha ukapakwa rangi. Mdomo wa mtutu ulikuwa bapa, ule mviringo mdogo wa kulinda mifereji ya ndani haupo, na chini ya bluu kuna mikwaruzo ya tupa inayokwenda upande mmoja wote. Bluu yenyewe ilikuwa imefunika mashimo ya kutu. Chuma kilipakwa rangi baada ya kuliwa, si kabla. Silinda ina nambari yake, fremu ina yake. Vyumba vya sanduku vilichongwa kwa bastola nyingine. Mshiko ulikuwa unacheza ndani kama unavyotaka.

Nikampigia. Akasema iliuzwa kama ilivyoonekana. Nikamwandikia, kimya. Nikamfuata kwenye maonyesho yaliyofuata, akaniambia mbele ya wateja wake kwamba mimi "watu wa Afrika" tunapenda ugomvi. Nimezaliwa Jinja, nimeondoka mtoto 1972, nimekaa hapa maisha yote. Hela hazikurudi.

Mama_Akello
Pole sana mzee. Hiyo ya mwisho inauma kuliko hela.

BomboRoad
Pole mzee wangu. Ukija Jinja nitafute, chai iko.

FundiChuma_Jinja
Pole sana, muzee. Na hapa ndipo Smith & Wesson inazishinda zote. Wale wana kumbukumbu za kiwanda. Unatuma nambari, unalipa, wanakuandikia barua: ilitoka lini, ilikwenda kwa muuzaji gani, na mtutu ulikuwa wa inchi ngapi. Ikiandikwa inchi mbili, ni inchi mbili. Hiyo ndogo ya .32 yenye kibonyezo nyuma ya mshiko, ya inchi mbili ndiyo waliyoiita ya baiskeli. Tororo, barua hiyo kwanza, pesa baadaye.

MwanaJinja_Leicester
Nakubaliana na Fundi, ila angalizo. Hiyo .32 ilianza 1888 na ikaendelea hadi 1937. Kwa sheria ya Marekani, silaha ya kale ni iliyotengenezwa 1898 au kabla. Kwa hiyo "karne ya 19" ya muuzaji inabidi ithibitishwe kwa nambari, na binamu asiibebe akidhani ni ya kale kumbe ni ya 1925. Na msidhani nchi nyingine ni rahisi. Huku kwetu Uingereza 2021 waliondoa kaliba saba kwenye orodha ya zile zilizopitwa na wakati, .442 na .320 zikiwemo. Watu waliokuwa na Bulldog zao ukutani miaka yote ikabidi wakimbilie leseni au wazisalimishe.

MtuWaTororo
Na Velo-Dog? Hiyo mbona hakuna anayeitaja? Ndiyo iliyonivutia.

SaaYaUkutani
Mimi pia ningechukua hiyo. Imetengenezwa kwa ajili ya mwendesha baiskeli kutisha mbwa! Galand wa Paris, miaka ya 1890. Kifyatulio kinakunjwa, risasi za milimita 5.5, wengine walikuwa wanatumia risasi za pilipili au za nta ili mbwa asife.

FundiChuma_Jinja
Historia nzuri, bastola za kawaida. Ziko nyingi Ulaya, Wabelgiji na Wahispania walizimwaga. Ikiwa ina jina la Galand mwenyewe, sawa, tuzungumze. Bila jina, muuzaji anayekuambia "adimu sana" anakupima akili.

BomboRoad
Naomba kusema kidogo kama mtu aliyekaa Moroto. Tangu 2001 tumeona kampeni za kusalimisha silaha Karamoja, tumeona wazee wanapigwa kwa sababu ya bunduki ambayo hata hawana. Halafu hapa mtu anatafuta kuingiza nyingine eti pambo. Sikuelewi, ssebo. Nunua saa.

Lightning77
Bunduki ya Karamoja na bastola ya milimita 5.5 ya kutisha mbwa, hivi ni kitu kimoja kweli?

BomboRoad
Kwa askari wa barabarani saa nne usiku, ndiyo.

AskariMstaafu
Hapo amesema kweli. Tororo, andika barua kwa ofisi ya leseni ya polisi, eleza kitu na umri wake, ngoja jibu la maandishi. Usikubali la mdomo, hata kama anayekujibu ni rafiki yako.

Mama_Akello
Au kiache Ohio kwa jina la binamu, wewe ukitembelea unakitazama. Kaka yangu ana ng'ombe Lira kwa namna hiyo hiyo.

MtuWaTororo
Asanteni wote. Binamu ameniambia kwenye Bulldog ameona ELG, taji hakumbuki. Ya Smith muuzaji hataki kutoa nambari kabla ya malipo.

FundiChuma_Jinja
Hataki kutoa nambari? Kimbia.

Lightning77
Si lazima. Wauzaji wengi wanaficha nambari ili zisiibiwe kwenye matangazo ya uongo. Aombe tarakimu za kwanza tu.

FundiChuma_Jinja
Aliyefungua duka aonyeshe mali. Basi.

SaaYaUkutani
Naona Velo-Dog bado inasimama 😀

PedaliMbili
Samahani kuingilia, nimefika hapa nikitafuta habari za baiskeli. Kuna mtu anajua wapi Kampala napata spoki za Raleigh ya zamani, ya roda ya 28?

Mama_Akello
Jaribu Katwe. Beba moja ya mfano, la sivyo watakuuzia za pikipiki.