Watoto wa polisi na zimamoto wasamehewe ada ya chuo? Tujadili

Houston Kwetu: Wakuu, heshima kwenu. Huku Texas kuna sheria kwamba polisi au zimamoto akifia kazini, au akilemaa kazini, mtoto wake anasamehewa ada ya chuo cha serikali. Hata zimamoto mwenyewe akitaka kusomea fani yake, masomo hayo anasamehewa. Nyumbani Tanzania tumeondoa ada hadi kidato cha sita tangu 2022, lakini chuo bado ni mlima. Kwa nini nasi tusifikirie kitu kama hicho? Naomba hoja, matusi tuweke pembeni.

Kitochi: Zimamoto hawahawa wanaofika gari halina maji? Basi mtoto asamehewe nusu ada, nusu nyingine ataileta baba akishajaza tenki.

Mama Ashura: Hahaha Kitochi utauawa.

Karani Mstaafu: Jambo lenyewe si kubwa kama mnavyolifanya. Yatima akiomba mkopo Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, tayari anaambatisha cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Iongezwe barua ya mwajiri tu kwamba mzazi alifia kazini, mkopo wake ugeuzwe ruzuku. Kumbukeni wale askari wanane waliouawa siku moja Mkuranga, 2017. Mtoto wa mmoja wao akisoma kwa mkopo, akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara sawasawa na mwenye baba. Na ruzuku si jambo geni, Samia Scholarship inawasomesha waliofaulu vizuri sayansi. Wanaofia kazini kwa mwaka ni wangapi mpaka bajeti itikisike?

Pwani Yetu: Ilikuwa Kibiti mzee, Mkengeni. Si Mkuranga.

Karani Mstaafu: Sawa, Kibiti. Hoja je?

Mtoto wa Kota: Kitochi, nimekaa kimya nimeshindwa. Gari linatoka kituoni na maji. Likiwa na lita 5,000, fungua mipira miwili uone zinamaliza dakika ngapi. Likikauka, dereva anakimbia kutafuta pa kujaza, nyie mnaanza kuzomea na simu juu mnarekodi. Haidranti, yale mabomba ya mtaani ya kujazia magari ya zimamoto, nyingine mmezijengea vibanda juu, nyingine mmemwagia zege. Baba akirudi, koti lake linanuka plastiki iliyoungua mpaka mama analianika nje ya kota siku mbili, na ndani bado tunakohoa. Halafu wewe umekaa na bando la buku unachekesha watu.

Kitochi: Kwa hiyo maji yapo, ila yameisha. Nimekuelewa kamanda.

Msimbazi Jumla: Subiri kwanza. Vibanda vimeingiaje hapa? Mtoto wa Kota unatusema sisi wafanyabiashara? Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 watu waliamka na mtaji, wakalala na madeni. Watoto wao walisamehewa ada na nani? Kama ni huruma, tuanzie hapo.

Mtoto wa Kota: Sijataja Kariakoo. Nimetaja haidranti.

Msimbazi Jumla: Umetaja vibanda. Vibanda ni sisi.

Mwalimu wa Zamu: Mimi napinga toka mwanzo. Kwa nini polisi na zimamoto tu? Nesi aliyehudumia wagonjwa wa Uviko bila barakoa ya maana je? Mwalimu anayevuka mto kwa mtumbwi kila Jumatatu je? Kila kada ikipewa msamaha wake, mwisho atakayelipa ada ni mtoto wa mkulima peke yake, na yeye ndiye hana.

Dereva Nguli: Umesema kweli mwalimu. Na mtoto wa trafiki asamehewe ada mara ya pili? Si tunamlipia kila siku barabarani, tena bila risiti?

Mama Ashura: Hapo sasa ndipo ninapopataka.

Mtoto wa Kota: Baba yangu ni ZIMAMOTO. Hana tochi ya kupimia mwendo, hana kitabu cha faini, hasimamishi gari la mtu. Kila mkiona sare mnaona trafiki.

Dereva Nguli: Mnakaa kota moja?

Mtoto wa Kota: Kukaa jirani na mtu ni kosa?

Dereva Nguli: Nimeuliza tu, mbona jasho?

Karani Mstaafu: Mwalimu, nimesema WALIOFIA KAZINI. Mwalimu akizama na huo mtumbwi akienda shule, mwanawe naye aingie. Nesi vilevile. Mbona hakuna anayelijibu hili?

Mwalimu wa Zamu: Mzee, usinizamishe mapema, nina mkopo wa benki.

Mlipa Bodi: Mimi naona wivu tu, niseme ukweli. Boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, lilikuwa likichelewa tunashindia maandazi na maji ya bomba, na mpaka leo nakatwa. Afadhali hata mama Samia aliifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo mwaka 2021, maana deni lilikuwa halipungui, linanenepa. Sasa mwingine aje apite bure? Hapana. Tukatwe wote.

Mama Ashura: Yaani baba yake amekufa na wewe unamwonea wivu wa maandazi?

Mlipa Bodi: Nimesema naona wivu, sijasema nina haki.

Dereva Nguli: Na huyu Houston aliyeleta mada kapotea. Anakula burger Texas anatupangia bajeti yetu. Kodi analipa wapi?

Houston Kwetu: Sijapotea, nilikuwa zamu ya usiku. Nasomesha wadogo zangu wawili vyuo vya hapo nyumbani, ada natuma mimi, na kila nikituma nakatwa huku na huko. Kwa hiyo bajeti yenu naijua kuliko unavyodhani, ndugu dereva. Burger silipendi.

Dereva Nguli: Sasa umekasirika nini? Baba yako alikuwa polisi?

Houston Kwetu: Alikuwa mvuvi.

Mwalimu wa Zamu: Wavuvi nao waongezwe.

Msimbazi Jumla: Na wenye vibanda.

Kitochi: Mtoto wa Kota, nina swali sasa la dhati. Gari la kituo cha mzee wako, kwa sasa hivi tunavyoongea, lina lita ngapi?

Mtoto wa Kota: Piga 114 uwaulize. Ila uwaambie na jina lako, ili siku kwako kukiwaka wajue waje na ngapi.