Data za wakulima zimepotea, niachane na SQLAlchemy?

Karani_Ruangwa: Wakuu habari. Nimeandika programu ya Python ya kupokea mzigo wa wakulima kwenye chama chetu cha msingi, natumia SQLAlchemy, maktaba ya Python ya kuongea na hifadhidata. Siku tatu imewaka bila kuzimwa. Jina, kilo, namba ya gunia, vyote vinatokea. Jana umeme ukakatika. Kuwasha, jedwali tupu! Nihamie Peewee, maktaba nyingine ya aina hiyo? Sijalala.

Fundi_Masasi: SQLAlchemy ipo tangu 2006, tatizo si lenyewe. Commit, amri ya kuhifadhi, unaita? Weka hapa mstari wa create_engine, ule unaofungua hifadhidata.

Kijana_Shangani: Mimi dukani kwa mzee niliandika SQL, yaani amri za hifadhidata, kwa mkono. Akaja mteja jina linaanza na Ng', ile alama ikaikata amri katikati, programu ikagoma. SQLAlchemy inapeleka amri peke yake, data peke yake, alama ya kwenye jina haikati kitu. Siiachi.

Karani_Ruangwa: Commit naita kila gunia. Mstari ni create_engine("sqlite://")

Fundi_Masasi: Umeona? Mikwaju (/) miwili bila jina la faili, data inakaa RAM tu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Programu ikizimika, imekwenda. Andika "sqlite:///mzigo.db", mikwaju mitatu. Za jana hazirudi, nakili kutoka daftarini.

Mama_Nangurukuru: Daftari si unalo, mwanangu?

Karani_Ruangwa: Daftari niliacha Jumatatu. Msinishambulie, foleni ilifika barabarani na katibu mwenyewe aliifurahia kompyuta. Ni wakulima 41. Nimeshaanza kujaza kilo kwa kumbukumbu, wengi nawafahamu.

Mama_Nangurukuru: Acha mara moja! Marehemu mume wangu alipunjwa kilo nane kwa "nakumbuka" ya karani, mpaka anazikwa alikuwa anazitaja. Jasho la mtu halikisiwi. Mwambie katibu leo.

Mpekuzi: Chai hii. Mwezi wa sita mnapima korosho gani? Minada ya korosho ni kuanzia Oktoba.

Karani_Ruangwa: Korosho nimetaja wapi? Ni ufuta, ndugu yangu.

Kijana_Shangani: Kweli, ufuta ndio wakati wake. Mpekuzi, mwombe radhi mwenzio.

Mpekuzi: Samahani mkuu. Ila mtu kupima siku tatu bila karatasi hata moja, haingii akilini.

Karani_Ruangwa: Kila mmoja nilimpa kikaratasi cha kilo na namba ya gunia, nimesaini.

Fundi_Masasi: Sasa hilo ndilo ungeanza nalo! Futa ulizokisia, waite waje navyo.

Karani_Ruangwa: Nimetoka kwa katibu. Amefoka, kisha akamtuma mtu apige mbiu. Wameshafika tisa, naingiza kwenye mzigo.db na daftarini pia. Kikaratasi kimoja kimelowa, sijui ni kilo 63 au 68. Gunia lake bado lipo ghalani, tunalirudisha mizanini na mwenyewe akiwepo.