Klabu ikijua unachokunywa, iandike pia unayekuja naye?

Mwanzisha mada: Swali kwa wanachama wa klabu za binafsi, na kwa waliowahi kuhudumu humo. Klabu hizi za Nairobi ni za zamani, Muthaiga ni ya 1913, Karen ya 1937, na desturi yao inajulikana: unatia sahihi chiti, bili inakufuata mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kujua ulikunywa nini si jambo geni. Siku hizi chiti ni skrini. Mhudumu akiingiza namba yako anaona "hali nyama nyekundu", "meza ya dirishani", siku ya kuzaliwa ya binti yako. Sawa. Ila klabu moja nimeona mengine: "hulipa kwa kuchelewa", "mgeni wa Ijumaa asitajwe mbele ya familia". Mimi nasema klabu isiandike lolote ambalo haiko tayari kumwonyesha mwanachama mwenyewe. Mnasemaje?

Weita wa zamani: Wewe hujawahi kuulizwa "kwani hunijui?" Juma langu la kwanza baani nilimpelekea mzee mmoja toniki yenye barafu. Hakusema neno, alirudisha glasi akaenda kwa meneja. Mzee hajagusa barafu tangu enzi za Moi, ningejuaje? Skrini iliniokoa. Tena kuna mtoto mwenye mzio wa karanga, hapo mpishi asipojua ni maafa. Hayo ya Ijumaa tulikuwa tukiyasema jikoni kabla ya kompyuta.

Mwanachama mkongwe: Nalipa ada ili nijulikane. Anayetaka kufichika aende hoteli ya mjini, alipe taslimu, aondoke. Hii mada ni ya watu wasio na shida.

Wakili kijana: Mzee, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikatazi mtu kukumbuka barafu yako. Lakini wengi hawajui kwamba kwa Kenya data nyeti si afya na imani tu. Hali ya ndoa imo, mali imo, hata majina ya watoto, wazazi na mwenzi wako. Fomu ya kujiunga inauliza nini? Hayo hayo! Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kuambiwa taarifa zako zinatumikaje, kuziona, kupinga, na kusahihishiwa. Na msidhani Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo, anahangaika na benki peke yake: Septemba 2023 ofisi yake iliitoza Casa Vera Lounge shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake.

Wa Dar: Na sisi Tanzania tuna sheria yetu ya 2022, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa Aprili 2024. Nauliza kitu kimoja: ada ya mzee inamlipia mgeni wake? Mgeni jina lake limeandikwa getini, namba ya gari pia, na fomu hajajaza hata moja.

Mwanzisha mada: Hapo Wa Dar umegonga penyewe. Weita, nakuelewa, lakini umbea wa jikoni uliishia jikoni. Faili anaisoma meneja mpya, fundi wa programu, na kamati. Kamati ni akina nani? Wanachama wenzako, pengine mshindani wako wa zabuni, na ndio wanaopiga kura mwanao akiomba kujiunga. Hoteli haina tatizo hilo. Basi barafu iandikwe, karanga ziandikwe kwa herufi kubwa. Deni libaki kwa mhasibu, mtu wa baa halimhusu. La Ijumaa lifutwe leo.

Mwanachama mkongwe: La Ijumaa naunga mkono.

Weita wa zamani: 😂 Mzee! Lakini mjue, kila maelezo yana jina la aliyeyaandika. Mwanachama akionyeshwa faili, wa kwanza kuitwa ofisini ni weita aliyeambiwa aandike. Huyo kifungu gani kinamlinda?